Kifaranga wa Mwea: Jinsi ya Kumvusha Wiki Nne za Kwanza

Kuku huatamia mayai yake kwa siku 21. Katika siku hizo watu wa boma hupita kando ya kiota wakinyamaza, watoto hukatazwa kumsumbua, na kila mtu huhesabu siku. Kisha vifaranga huanguliwa, 10 au 12 kwa mara moja, na furaha huwa kubwa. Lakini katika maboma mengi ambako vifaranga huachwa wajitafutie chakula pamoja na mama yao, nusu yao au zaidi huwa wamekufa kabla ya kumaliza miezi miwili. Wengine hufa kwa baridi, wengine kwa magonjwa, wengine hunyakuliwa na mwewe mchana watu wakiwa shambani.

Hasara hii haisikiki sana kwa sababu hakuna pesa iliyotolewa mfukoni. Hata hivyo ni hasara kubwa. Chukua mfano wa boma lenye kuku mmoja wa kienyeji anayeangua mara 3 kwa mwaka, kila mara vifaranga 12. Kwa mwaka ni vifaranga 36. Wakibaki 4 katika kila mlo, boma hilo hupata kuku 12. Wakibaki 10 katika kila mlo, hupata kuku 30. Tofauti ni kuku 18. Mfugaji akimuuza kila mmoja kwa Sh700, hiyo ni Sh12,600 zilizopotea bila mtu kuziona. Kwa familia inayosubiri mpunga ukomae ili ilipe karo, kuku hao ndio pesa za kati.

Jambo la kutia moyo ni kwamba vifo vingi vya vifaranga vinaweza kuzuiwa kwa vitu ambavyo Mwea ina vingi: makapi ya mpunga, majani makavu ya mpunga, na majirani wanaoishi karibu karibu. Kinachohitajika ni kujua kifaranga anataka nini, na lini.

Matayarisho huanza kabla ya yai kupasuka

Kifaranga mwenye afya huanzia kwa mama mwenye afya na kiota safi. Kuku anayetaka kuatamia akaguliwe kwanza chini ya mabawa, shingoni na karibu na mkundu. Akiwa na chawa, utitiri au viroboto, atibiwe kwa dawa ya kuku inayopendekezwa na afisa wa mifugo, siku kadhaa kabla ya kuwekewa mayai. Viroboto wanaong'ang'ania kichwani mwa kuku huhamia kwa vifaranga punde wanapoanguliwa. Kifaranga ana damu kidogo sana mwilini, na viroboto wachache karibu na macho wanatosha kumdhoofisha hadi kufa. Dawa ya kuku mkubwa isipakwe kifaranga, na dawa za kunyunyizia mpunga zisitumiwe kamwe kwa kuku wa umri wowote.

Kiota kiwe na nyasi kavu mpya, mahali penye kivuli, pasipofikiwa na maji ya mvua wala panya. Kuku mmoja wa kienyeji hufunika vizuri mayai 10 hadi 13. Akizidishiwa, ya pembeni hupoa na kuharibika. Majivu na mchanga mkavu viwekwe karibu ili mama aoge vumbi anapotoka kula.

Saa 24 za kwanza

Vifaranga wa mlo mmoja huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Kifaranga anaweza kutumia saa nyingi kutoka kwenye ganda, na wengi wanaosaidiwa kwa kubanduliwa ganda hutokwa damu na kufa. Aachwe atoke mwenyewe. Akitoka huwa amelowa na amechoka. Chini ya mbawa za mama hukauka na kuanza kusimama.

Kabla ya kuanguliwa, kifaranga huvuta kiini cha yai kilichobaki na kukiingiza tumboni. Kiini hicho humlisha kwa siku 2 hadi 3. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja huweza kusafirishwa kutoka kiwanda cha kutotolesha hadi Kagio au Wang'uru wakiwa kwenye katoni bila chakula. Lakini mfugaji asilichukue hilo kuwa ruhusa ya kuchelewa. Kifaranga anayekunywa na kula mapema hukua vizuri zaidi kuliko aliyesubirishwa.

Siku ya kwanza mfugaji aangalie mambo matatu. La kwanza ni kitovu. Kitovu kilichofunga na kukauka ni ishara nzuri. Kilicho wazi, chenye unyevu au harufu kina maambukizi, na mara nyingi hayo hutokana na kiota kichafu. La pili ni miguu. Kifaranga anayewekwa juu ya gazeti laini au plastiki huteleza, miguu ikatanuka na kubaki hivyo maisha yake yote. Awekwe juu ya gunia safi au karatasi ngumu yenye mikwaruzo. La tatu ni mkundu. Kinyesi kikikauka na kuziba, kilainishwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kufutwa polepole. Kisivutwe kikiwa kikavu, kwa maana ngozi itachanika.

Joto: chakula cha kwanza cha kifaranga

Kifaranga huanguliwa na manyoya mepesi tu, na hawezi kujipatia joto la kutosha hadi manyoya ya kweli yaote. Katika wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi pale anapolala. Kila wiki joto hilo hupunguzwa kwa nyuzi 3 hivi, hadi wiki ya 4 au ya 5 atakapoweza kuvumilia hali ya kawaida.

Wengi huamini kwamba Mwea ni nchi ya joto, kwa hivyo vifaranga hawahitaji kupashwa. Ni kweli kwamba uwanda wa mpunga una joto kuliko Kerugoya na sehemu za juu karibu na mlima. Lakini kipimajoto kinasema jambo jingine usiku. Mwezi wa Julai, mawingu yanapotanda siku nzima, na nyakati za alfajiri mvua inaponyesha, joto hushuka mbali sana chini ya nyuzi 32. Kifaranga aliyelowa na kupigwa na upepo saa kumi alfajiri anaweza kuwa amekufa kufikia saa moja asubuhi.

Mama kuku ndiye hita bora. Mfugaji mwenye mlo mmoja amwache mama awalee, ila wawe ndani ya kizimba kikavu kisicho na upepo usiku, na asubuhi wasitolewe hadi umande ukauke. Vifaranga wanaofuata mama kwenye nyasi zenye umande au kando ya mfereji hulowa matumbo, na matumbo yakilowa baridi huingia haraka.

Kwa vifaranga walionunuliwa, au waliotengwa na mama ili arudie kutaga mapema, joto litoke mahali pengine. Kuna njia tatu zinazotumika sana.

Balbu ya umeme ni rahisi, lakini umeme ukipotea usiku wa manane ni lazima kuwe na njia ya pili iliyo tayari. Chupa za plastiki zilizojazwa maji moto na kufungwa kwa kitambaa zinaweza kuokoa kundi dogo kwa saa chache.

Jiko la makaa hutoa joto la kutosha, lakini lina hatari mbili. Ya kwanza ni moto, kwa sababu makapi ya mpunga yakishika cheche huungua polepole bila kuonekana hadi banda zima linashika. Jiko liinuliwe juu ya matofali, lizungushiwe wavu au bati, na makapi yawe mbali nalo. Ya pili ni gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huua vifaranga, na huua watu pia. Jiko liwashwe nje hadi makaa yawe mekundu bila moshi, na chumba kiwe na nafasi ya hewa sehemu ya juu. Mtu asilale kamwe katika chumba kimoja na jiko la vifaranga.

Njia ya tatu haitumii mafuta wala umeme: sanduku la majani makavu. Wafugaji wa Ethiopia wamelitumia kwa muda mrefu, na Mwea ina malighafi yake kila baada ya mavuno. Sanduku la mbao au katoni ngumu hujazwa majani makavu ya mpunga pande zote na juu, na katikati huachwa shimo la kutosha vifaranga wakae wakibanana kidogo. Joto la miili yao hukaa humo badala ya kupotea. Juu hufunikwa kwa gunia lililojaa majani, na matundu madogo huachwa kwa hewa. Mchana vifaranga hutoka kula na kunywa kwenye uzio mdogo, usiku hurudi ndani. Njia hii hufaa kundi la kuanzia vifaranga 15 na kuendelea, kwa kuwa wachache sana hawatoi joto la kutosha.

Kwa njia yoyote, kipimajoto bora ni vifaranga wenyewe. Wakirundikana pamoja na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia kando, wakifungua midomo na kulegeza mabawa, wamezidiwa na joto. Wakisongamana upande mmoja, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Wakitawanyika kila mahali, wengine wakila na wengine wamelala kimya, joto limetosha. Mfugaji apite kuwaangalia kabla ya kulala na tena usiku wa manane katika wiki ya kwanza.

Uzio wa kulelea uwe wa mviringo. Kwenye pembe vifaranga hurundikana wakisikia baridi au wakishtuka, na wa chini hukosa hewa. Kadibodi au bati jepesi lililokunjwa linatosha. Mita moja ya mraba hutosha vifaranga 50 katika wiki ya kwanza. Kufikia wiki ya 3 nafasi hiyo iongezwe mara mbili.

Makapi ni mazuri, yakiwa makavu

Viwanda vya kukoboa mpunga vya Wang'uru na maeneo jirani huacha milima ya makapi, na makapi ni matandiko mazuri ya kuku. Ni mepesi, hayashikamani, na hunyonya unyevu. Tabaka la sentimita 5 hadi 10 linatosha. Siku mbili au tatu za kwanza yafunikwe kwa gunia au karatasi ngumu, ili vifaranga wasiyale wakidhani ni chakula na kujaza tumbo kitu kisicholisha.

Makapi yaliyonyeshewa ni jambo tofauti. Yakipatwa na unyevu hushika ukungu, na vumbi la ukungu huingia kwenye mapafu ya vifaranga na kuwaletea ugonjwa wa kupumua usio na tiba ya maana. Kifaranga huonekana akinyoosha shingo na kufungua mdomo kutafuta hewa. Kanuni ni moja: makapi au majani yenye madoa meusi au ya kijani, au yenye harufu ya uvundo, yasiingie bandani. Sehemu inayolowa karibu na chombo cha maji iondolewe kila siku.

Maji kwanza, chakula baadaye

Vifaranga wanapofika kutoka safarini wapewe maji ya uvuguvugu kabla ya chakula. Kijiko kikubwa kimoja cha sukari au glukosi katika lita moja ya maji huwapa nguvu siku ya kwanza. Wale wanaoonekana kutojua kunywa wachovywe ncha ya mdomo tu, mara moja au mbili, na wengine wataiga. Chombo kiwe kifupi, na ndani yake kuwekwe mawe madogo safi ili kifaranga asitumbukie. Kifaranga anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole viwili.

Maji ya mfereji yasitumiwe hivi hivi. Mifereji inayotoka mito ya Thiba na Nyamindi hupita katika mashamba mengi, ikibeba mbolea, dawa za kuua wadudu na magugu, na uchafu wa mifugo. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi dawa za shambani. Yatumiwe maji yale yale ambayo watu wa boma hunywa. Vyombo vioshwe kila asubuhi, na maji yabadilishwe mara mbili kwa siku au zaidi yakichafuka.

Chakula cha vifaranga kinachouzwa madukani huwa na protini ya asilimia 18 hadi 20, nacho hutumika hadi wiki ya 8. Katika wiki ya kwanza kifaranga mmoja hula gramu 10 hadi 15 kwa siku, na kiasi hicho huongezeka kila wiki. Kwa vifaranga 12, kilo moja hutosha karibu wiki nzima ya kwanza. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya kuku anayeokolewa.

Katika Mwea, vifaranga wengi hulishwa chenga za mchele na pumba peke yake. Vyakula hivi vinashibisha lakini havijengi mwili. Kifaranga aliyelelewa kwa chenga tupu huota manyoya polepole, hudumaa, na hushindwa kupigana na magonjwa. Asiyeweza kununua chakula cha dukani kwa wiki zote, anunue angalau cha wiki 3 au 4 za kwanza, kisha achanganye chenga na vyakula vyenye protini kama vile dagaa waliosagwa, mchwa, na mboga za majani zilizokatwa vipande vidogo. Pumba au mahindi yenye ukungu yasilishwe kuku wa aina yoyote, kwa sababu sumu ya aflatoksini huharibu ini la kifaranga kwa kiasi kidogo tu.

Pale ambapo vifaranga wanalelewa na mama, chakula chao mara nyingi huliwa na kuku wakubwa. Suluhisho ni kizimba cha fito chenye nafasi za sentimita 5 hivi. Vifaranga hupenya na kula ndani, mama hubaki nje akiwaona. Kizimba hicho hicho huwakinga dhidi ya mwewe.

Chanjo: kazi ya majirani wote

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni Newcastle, ambao wengine huuita mdondo au kideri. Ulitambuliwa Uingereza mwaka 1926 na kupewa jina la mji huo. Hauna tiba. Pilipili, mshubiri na dawa za vidonge haviuzuii. Ukiingia katika kijiji ambacho kuku hawajachanjwa, unaweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache. Kinga pekee ya uhakika ni chanjo, pamoja na usafi.

Ratiba ya kawaida kwa vifaranga ni kama ifuatavyo. Siku ya kwanza wachanjwe ugonjwa wa Marek, kazi ambayo hufanyiwa kiwandani. Mnunuzi aulize kama imefanywa kabla ya kulipa. Newcastle huchanjwa katika wiki ya kwanza au ya 2, na kurudiwa wiki ya 3 au ya 4. Gumboro huchanjwa kuanzia siku ya 10 hadi ya 14, na kurudiwa baada ya wiki moja hivi. Ndui ya kuku huchanjwa kati ya wiki ya 4 na ya 8, na homa ya matumbo ya kuku karibu wiki ya 8. Tarehe kamili hutegemea aina ya chanjo na hali ya magonjwa mtaani, kwa hivyo afisa wa mifugo ndiye wa kuzithibitisha.

Baadhi ya chanjo hizi zinatengenezwa humu nchini na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI, na huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Shida ya mfugaji mdogo ni kwamba chupa moja mara nyingi hutosha kuku 100 au zaidi, naye ana 12. Ikishafunguliwa na kuchanganywa haiwezi kuwekwa hadi kesho. Hapa ndipo ujirani unasaidia. Familia zinazoishi kwenye mfereji mmoja zinaweza kuchanga pesa, kupanga siku moja, na kuchanja kuku wote asubuhi hiyo. Faida huwa mara mbili: gharama hushuka, na ugonjwa hukosa boma la kujificha.

Chanjo ibebwe kwenye chombo chenye barafu kutoka dukani hadi nyumbani, isiachwe juani wala mfukoni. Ikitolewa kupitia maji ya kunywa, maji hayo yasiwe na klorini wala sabuni, kwa maana huua chanjo. Vifaranga wanyimwe maji saa moja au mbili kabla, na wamalize maji ya chanjo ndani ya saa 2. Ikitolewa kwa tone la jicho, kila kifaranga apate tone moja na asiachiliwe hadi apepese. Kifaranga anayeonekana mgonjwa asichanjwe bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Mbu wa mpunga na ndui ya kuku

Kuna jambo moja linaloifanya Mwea iwe tofauti na sehemu za juu za Kirinyaga. Tangu mradi wa kunyunyizia mashamba ulipoanza mwaka 1956, uwanda huu umekuwa na maji yaliyotuama kwa miezi mingi ya mwaka. Bwawa la Thiba, lililofunguliwa rasmi Oktoba 2022, limewezesha mashamba zaidi kulimwa mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni baraka kwa mkulima wa mpunga. Lakini palipo na maji ya mpunga pana mbu, na mbu hueneza ndui ya kuku kama wanavyoeneza malaria kwa watu.

Ndui huonekana kama chunjua na magamba kwenye upanga, kuzunguka macho na kwenye mdomo. Kuku mkubwa mara nyingi hupona. Kifaranga hufumbwa macho na magamba, hakioni chakula, na hufa kwa njaa ilhali chakula kiko mbele yake. Wakati mwingine vidonda huota ndani ya mdomo na koo na kumzuia kupumua.

Kwa sababu hii, chanjo ya ndui isipuuzwe katika wadi za Tebere, Thiba, Wamumu, Nyangati na zote zilizo karibu na mpunga. Hutolewa kwa kudunga ngozi nyembamba ya bawa. Baada ya siku 7 hadi 10, pale palipodungwa pakaguliwe. Kigamba kidogo kikionekana, chanjo imeshika. Kisipoonekana kwa kuku wengi, chanjo haikufanya kazi na irudiwe. Usiku, uzio wa vifaranga ufunikwe kwa chandarua kikuukuu. Chandarua cha watoto kibaki kitandani kwa watoto. Makopo, matairi na vibuyu vinavyoshika maji kuzunguka boma vimwagwe.

Dalili ambazo hazipaswi kusubiri

Kifaranga mgonjwa hujitenga, hufumba macho, mabawa yake hulegea na manyoya husimama. Mfugaji akiona hivyo amtenge mara moja na kutazama kinyesi. Kinyesi cheupe kinachoganda mkunduni kwa vifaranga wa siku chache kinaweza kuashiria ugonjwa unaotoka kwa mama kupitia yai. Kinyesi chenye damu, hasa kuanzia wiki ya 3, mara nyingi ni koksidiosi, ambayo hustawi kwenye matandiko yaliyolowa. Koksidiosi inatibika ikiwahiwa. Kukohoa, kupooza miguu, kupinda shingo na vifo vingi kwa siku moja ni sababu ya kumwita afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Dawa za kuua bakteria zisitolewe kwa vifaranga wazima ili "kuwakinga". Hazikingi virusi vya Newcastle, Gumboro wala ndui, na zikitumiwa ovyo huzoeza vijidudu, kisha siku ya ugonjwa hazifanyi kazi.

Kifaranga aliyekufa azikwe kwenye shimo refu au achomwe. Asitupwe mferejini. Maji ya mfereji huo yatafika kwa jirani wa chini, na ugonjwa utafika nayo. Anayeshika vifaranga, hasa watoto, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Maadui wenye mabawa na wenye miguu

Mwewe na kunguru huwinda mchana. Panya, paka, nguchiro na nyoka huja usiku, na maghala ya mpunga huvutia panya, ambao nao huvutia nyoka. Sakafu ya kizimba iinuliwe au iwekwe saruji, na matundu yote yazibwe kwa wavu wenye macho madogo. Wavu wa kawaida wa kuku huruhusu panya kupita.

Msimu wa mpunga kukomaa huleta pia ndege aina ya kweleakwelea. Tangazo la kunyunyizwa dawa ya ndege hao likitolewa, kuku wote wafungiwe, kwa sababu kuku anayekula ndege aliyekufa kwa sumu huweza kudhurika naye.

Hatua inayofuata

Vifaranga wakifika wiki ya 4 huwa wameota manyoya ya kutosha. Joto liondolewe polepole, kwanza mchana, kisha usiku. Wasichanganywe na kuku wakubwa ghafla, kwa kuwa watapigwa na kuambukizwa. Waanze kwa kuonana kupitia wavu kwa siku kadhaa.

Anayetaka kuongeza kundi anaweza kuuliza kuhusu kuku wa kienyeji walioboreshwa na KALRO katika kituo chake cha Naivasha. Huanza kutaga wakiwa na miezi 5 hivi wakilishwa vyema. Lakini uzao mzuri hauokoi kifaranga aliyelala kwenye makapi yaliyolowa. Matunzo ya wiki nne za kwanza ni yale yale kwa kienyeji wa asili na kwa aliyeboreshwa.

Wafugaji wanahimizwa kuweka daftari dogo lenye tarehe ya kuangua, idadi ya vifaranga, chanjo zilizotolewa, na waliokufa kila wiki. Daftari hilo ndilo litakalomwonyesha mfugaji mahali anapopotezea: kwa baridi ya wiki ya kwanza, kwa damu ya wiki ya 3, au kwa mwewe. Likipelekwa kwa afisa wa mifugo wa wadi, litampa pa kuanzia. Ushauri wa afisa huyo unapatikana katika ofisi za mifugo za wadi na za kaunti ndogo. Vikundi vya majirani vinavyotaka kupanga siku ya pamoja ya chanjo vinaombwa vifike ofisini mapema, kabla ya mayai kuangua, ili dozi zihesabiwe pamoja na siku ipangwe.